Marc-Vivien Foé: tuanze na mpira wake kwanza

RAMA: Haya wasikilizaji karibuni tena, Rama hapa, niko na dada Neema, leo tunamuongelea Marc-Vivien Foé wa Cameroon.

NEEMA: Kaka Rama naomba tusianze na kifo, maana Foé kila akitajwa watu wanakumbuka ile klipu ya kuanguka kwake uwanjani tu, utadhani hajawahi kucheza mpira.

RAMA: Kweli kabisa. Basi, kiungo mkabaji, mrefu, mapafu ya farasi, kazaliwa Yaoundé 1975, katokea Canon Yaoundé akaenda Lens na 1998 wakabeba ubingwa wa Ufaransa.

NEEMA: Na mwaka huohuo akavunjika mguu, Kombe la Dunia likampita na dili la Manchester United likafa. Wengi hapo wangepotea jamani. Yeye kaenda West Ham, karudi Ufaransa kajiunga na Lyon, kabeba ligi tena 2002, na AFCON mbili mfululizo, 2000 na 2002.

RAMA: Halafu Manchester City kwa mkopo, mkabaji anafunga mabao 9 ya ligi! Bao la mwisho la City pale Maine Road kabla hawajahama ni la Foé, walikuwa wanacheza na Sunderland. Ndo maana namba 23 pale hawampi mtu tena.

NEEMA: Sasa tarehe 26 Juni 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Cameroon na Colombia, na inachezwa Gerland, Lyon, uwanja wake mwenyewe wa klabu. Cameroon wanaongoza moja bila. Dakika ya 72 yuko duara la kati, hajaguswa na mtu, akadondoka.

RAMA: Aisee. Walihangaika nae kama dakika 45 moyo urudi, ikashindikana. Miaka 28 tu.

NEEMA: Uchunguzi ukaonyesha misuli ya moyo ilikuwa minene kupita kawaida, na hili tatizo mara nyingi ni la kurithi, mtu anakua nalo, anakimbia, anacheza dakika 90 kila wiki na hajui chochote, mpaka siku mapigo yanavurugika.

RAMA: Jioni ileile, nusu fainali nyingine, Thierry Henry kaifungia Ufaransa dhidi ya Uturuki, akanyoosha kidole juu mbinguni. Fainali Cameroon wakacheza hivyohivyo na msiba wao, wakafungwa na Ufaransa kwa bao la dhahabu, lile la muda wa nyongeza linalomaliza mechi hapohapo.

NEEMA: Ila baada ya pale FIFA wakaanza kupima wachezaji moyo kabla ya Kombe la Dunia 2006. Na Eriksen wa Denmark 2021 Copenhagen kaanguka hivyohivyo peke yake, mashine ya kushtua moyo ilikuwepo pembeni, leo yuko hai na karudi kucheza.

RAMA: Na sisi Desemba 2016 pale Kaitaba, Bukoba, Ismail Khalfan wa vijana wa Mbao FC, kafunga bao, muda kidogo kaanguka, hakuamka tena. Mtoto mdogo kabisa yule.

NEEMA: Inaniuma sana. Klabu inasajili kwa mamilioni, ile mashine inashindikana vipi?

RAMA: Na mnaocheza ndondo huko mtaani, kama ushawahi kuzimia mazoezini, au kwenu kuna ndugu alifariki ghafla akiwa kijana, nenda hospitali waambie unataka kupimwa umeme wa moyo. Na mwenzako akidondoka bila kuguswa usimmwagie maji, anza kumkandamiza kifua hapohapo huku mwingine anaita gari.