Udongo wa Mfinyanzi Bustanini: Namna ya Kuulegeza Mboga Zikaota

Karibuni watazamaji. Anzeni kwa kuangalia huu udongo mkononi. Umelowa, unang'aa, unanata kwenye vidole na kwenye jembe. Ukikaa wiki tatu bila mvua, udongo huuhuu unapasuka nyufa za kuingia kidole, na jembe linadunda kama umepiga sakafu. Huu ni mfinyanzi, na leo tunautengeneza hatua kwa hatua mpaka uoteshe mchicha, bamia na nyanya chungu.

Watu wamezoea kusema Dar es Salaam ni mchanga mtupu. Sehemu kubwa ni kweli, ila mabondeni, kuanzia Msimbazi hadi Mzinga na Kizinga, utakutana na udongo mzito mweusi, na vilima vya Pugu vina mfinyanzi mweupe kabisa. Halafu kuna mfinyanzi wa kuletwa. Fundi amechimba shimo la choo au msingi, ule udongo mwekundu wa chini ukasambazwa uwanjani, na leo ndipo mwenye nyumba anapotaka kulima. Kama bustani yako ni ya aina hiyo, okota kwanza vipande vya tofali na zege, kisha lile tabaka la juu la udongo wa shimoni liondoe kwa chepe. Litakufaa kujazia njia za nje ya bustani. Kuhangaika kulifufua ni kupoteza msimu mzima wakati udongo wenyewe wa asili uko chini yake.

Tuelewane kwanza tunatengeneza nini. Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana, chini ya milimita 0.002, tena ni bapa, zinalaliana kama sahani kabatini. Rutuba inashikwa humo vizuri kuliko kwenye mchanga. Kinachokosekana ni nafasi: maji hayashuki, hewa haiingii, mizizi inakosa pa kupenya. Kwa hiyo mfinyanzi hatuuondoi. Tunataka chembe zake zishikane ziwe punje punje, katikati ya punje pawe na upenyo. Kazi hiyo inafanywa na vijidudu, kuvu na nyungunyungu wanapokula mboji na samadi, maana ute wao ndiyo gundi ya hizo punje.

Sasa tupime. Chukua udongo unaojaa kiganja, lowesha kidogo, ukande mpaka uwe laini kama donge la chapati. Usukume kati ya kidole gumba na cha shahada, utoke kama utepe unaoning'inia. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2 na nusu, huna mfinyanzi mzito, mboji ya kawaida inatosha. Ukizidi sentimita 5 bila kukatika, kama huu hapa, fuata video hii yote.

Kipimo cha pili ni cha maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe. Jaza tena, simamisha kijiti chenye alama, angalia baada ya saa moja. Maji yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu kwa saa, mizizi itazama majini mvua za masika zikianza, na itakubidi uinue tuta juu zaidi.

Kipimo cha tatu wengi wanakiruka, na kwa Dar ndicho hatupendi mtu akiruke. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi. Sodiamu iliyomo kwenye maji hayo inazitenganisha chembe za mfinyanzi, zinasambaa na kuziba kila tundu. Unaweza kumwaga mboji miaka miwili na bado juu pakaganda gamba. Basi fanya hivi: chukua kibonge kikavu cha udongo, kikubwa kama punje ya harage, kidumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usikoroge, usitikise. Baada ya saa mbili, tazama. Hapa kibonge kimevunjika vipande lakini maji yamebaki safi, unaona mpaka upande wa pili. Huo hauna shida ya sodiamu. Kwenye glasi hii ya pili, oneni ule ukungu unaozunguka kibonge, kama maziwa yamemwagika ndani ya maji. Chembe zimetawanyika. Udongo huo unahitaji jasi, nusu kilo hadi kilo moja kwa kila mita ya mraba, ichanganywe na tabaka la juu, kisha maji mazuri au mvua ipite iiondoe sodiamu kushuka chini. Bila njia ya maji kutoka, jasi haisaidii. Na tunasema jasi ya kilimo, siyo ile ya kupigia dari, hiyo inaganda. Kama glasi yako haina ukungu, usinunue jasi, pesa hiyo nunulia samadi. Chokaa nayo usimwage kwa kubahatisha, kwa sababu inabadili uchachu wa udongo, na ukizidisha, mboga zitakuwa njano. Anayetaka uhakika apeleke sampuli maabara ya udongo ya TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kituo cha Mlingano, Tanga, au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Twende kwenye kuchimba, na hapa ndipo bustani nyingi za mfinyanzi zinapoharibikia. Mvua imenyesha jana, ardhi imelainika, mtu anafurahi anaingia na jembe. Kila pigo linapaka udongo kama mwiko unavyopaka plasta. Jua likiwaka, unabaki na mabonge magumu ambayo hayavunjiki mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo kabla ya jembe, chimba kidogo kwa mkono, toa udongo wa kina cha sentimita 10 hadi 15, maana juu pakikauka, chini bado ni tope. Ukamate kwenye ngumi, kisha bonyeza donge kwa kidole gumba. Kidole kikizama na kuacha alama inayong'aa, rudi nyumbani, subiri siku mbili. Donge likipasuka likawa chenga, ingia kazini siku hiyohiyo, maana kesho kutwa linaweza kuwa limeshakuwa jiwe.

Na kama limeshakuwa jiwe? Usilipige kwa sururu. Mwagilia ndoo 5 za lita 20 jioni, taratibu, na ndoo 5 nyingine jioni inayofuata, kwa tuta moja la mita 5 za mraba. Acha siku mbili tatu, upime tena kwa ngumi. Miezi mizuri ya kazi hii ni Februari, kabla masika hayajaanza Machi, au Septemba kabla ya vuli.

Pima tuta upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, weka vigingi na kamba. Upana usizidi hapo, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, kwa sababu kuanzia leo hakuna mguu utakaokanyaga ndani ya tuta. Njia ya kupita iwe sentimita 50. Kama eneo lina mteremko, tuta likate mteremko kwa kulala kidogo, ili maji yatembee polepole kwenye mtaro badala ya kukimbia na mboji yako.

Ondoa magugu na mizizi ya sangari na ndago. Tumia jembe la uma, kina cha sentimita 20. Unasikia pale chini linagota? Hilo ni tabaka gumu lililotengenezwa na jembe la kila mwaka kufikia kina kilekile. Piga mtaimbo au uma mpaka chini yake, sentimita 15 nyingine, ulitikise tabaka hilo lipasuke, lakini usiliinue ukalileta juu. Udongo wa chini ubaki chini. Mabonge makubwa kuliko ngumi yavunje, madogo yaache. Ukisaga udongo ukawa unga, mvua ya kwanza itaufanya saruji.

Sasa chakula cha udongo. Kwa tuta hili tunaweka mboji iliyoiva au samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mitatu au zaidi, tabaka la sentimita 5. Hesabu yake ni lita 250, yaani ndoo 12 na nusu za lita 20. Tunajua ni nyingi. Ndoo mbili kwenye mfinyanzi hazionekani, na ndiyo maana watu wanasema mboji haifanyi kazi. Juu yake ongeza nusu ndoo ya mbolea ya kuku iliyopumzika wiki 6 hadi 8 ikiwa imefunikwa na ina unyevu. Inuse kwanza. Ikikuchoma pua, bado haijawa tayari na itaunguza mizizi. Mwisho, ndoo 2 za maganda ya mpunga, yale magumu ya nje kutoka mashine ya kukoboa. Yanaoza polepole, kwa hiyo yanashikilia upenyo wakati mboji inaliwa.

Malighafi ya kutengeneza mboji mjini hapa haikosekani: mabaki ya soko la Mabibo, majani ya migomba, nyasi, samadi ya mabanda ya jirani. Makumbi ya nazi na maganda ya madafu yachanechane kwanza, mazima yatakaa mwaka mzima yakikutazama. Tope la bondeni kando ya mto usilichukue hata ukipewa bure. Mto kama Msimbazi unapokea maji machafu ya mji na viwanda, na madini mazito hayaozi.

Maranda mabichi ya seremala usiyachimbie ndani. Vijidudu vikianza kuyaozesha vinachukua naitrojeni yote ya udongo, na mchicha wako utadumaa ukiwa wa njano. Yaweke njiani, yazuie tope la viatu.

Na mchanga? Swali hili haliishi. Tuta hili kwa kina cha sentimita 20 ni mita moja ya ujazo. Ili mchanga uanze kutawala, unahitaji kuongeza kiasi kama hichohicho, karibu tani moja na nusu kwa tuta moja. Ukiweka toroli mbili, chembe za mfinyanzi zinajaza nafasi kati ya punje za mchanga, na unapata kitu cha kufyatulia tofali. Mchanga wa ufukweni ndiyo usiuguse, una chumvi.

Changanya yote na sentimita 15 za juu kwa uma, siyo zaidi. Kisha chota udongo wa njiani kwa chepe, upandishe juu ya tuta mpaka liinuke sentimita 20. Kama kwenye lile shimo la kipimo maji yalishuka polepole mno, tuta lifike 30. Juu sawazisha kwa reki, kingo ziinuke kidogo ili maji ya kumwagilia yasikimbie. Acha tuta lipumzike wiki mbili likiwa na unyevu na limefunikwa nyasi.

Siku ya kusia mchicha, chora mistari ya kina cha nusu sentimita, umbali wa sentimita 20. Mbegu usizifunike kwa udongo wa tuta. Zifunike kwa mboji iliyochekechwa, maana gamba la mfinyanzi likiganda juu, miche inapinda chini yake na kufa. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Mpira wenye presha unaziba uso wa tuta kwa dakika moja.

Mfinyanzi unakunywa polepole, basi mwagilia nusu ya maji, zungukia matuta mengine, urudi kumalizia. Kabla ya kumwagilia tena, ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, acha. Majani yanaweza kusinyaa mchana wa jua kali na bado chini pana maji. Yanayosinyaa asubuhi ndiyo yana kiu, au mizizi inaoza. Anayetegemea kisima cha chumvi avune maji ya bati kila mvua, na aanze na mchicha, unavumilia chumvi kuliko maharage.

Miche ikifika urefu wa kidole, tandaza matandazo ya nyasi kavu sentimita 5, mbali kidogo na mashina. Yanavunja nguvu ya matone na kuzuia nyufa. Mchwa wakiingia, ondoa nyasi kavu, tumia mboji kama matandazo. Mvua zikizidi na konokono wakaongezeka, yasogeze pembeni mpaka jua lirudi.

Ukishavuna, usichimbue. Kata mashina, mizizi iache ardhini, ikioza inaacha vishimo vya maji. Kama huna cha kupanda, sia kunde, uchume majani yake, na zikianza kutoa maua zifyeke uzilaze hapohapo. Pembezoni panda mbaazi, mizizi yake inashuka mbali kuliko mtaimbo wako. Kwa joto la Dar mboji inaisha haraka, kwa hiyo kila msimu ongeza ndoo 5 kwa kila tuta, uziache juu, nyungunyungu watazishusha. Rudia lile shimo la maji msimu wa tatu, pembeni ya pale pa kwanza, kwa kijiti kilekile.