Gari la Zamani Linapochemsha: Uliza Kwanza Linachemsha Lini

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja. Mada yetu ni joto la injini katika magari yenye umri mkubwa. Nimeichagua kwa sababu injini za zamani haziuawi na umri. Injini ya miaka 30 ikipewa oili safi na joto lake likidhibitiwa, huendelea kufanya kazi bila taabu. Kinachoiua mara nyingi ni safari moja ya kuchemsha ambayo dereva aliamua kuimalizia. Hedi ya alumini (kifuniko kikubwa cha juu ya silinda) hupinda, gasketi inayoziba kati yake na bloku huungua, maji huingia kwenye silinda, na gharama yake huweza kuzidi thamani ya gari lenyewe.

Kosa linalorudiwa sana ni kubadilisha vipuri kwa kubahatisha: leo thamostati (vali inayofunguka kwa joto kuyapeleka maji kwenye rejeta), kesho pampu ya maji, keshokutwa rejeta yenyewe inayoyapoza maji, na gari bado linachemsha. Kabla hujashika spana, jibu swali moja: linachemsha lini? Kwenye foleni? Kwenye mwendo wa kasi au mlimani? Au dakika chache tu baada ya kuwashwa? Kila jibu linakupeleka upande wake, na ukilijibu vizuri umeshamaliza nusu ya kazi.

Tuanze na usalama. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo ndani huenda yamepita nyuzi 100 za Selsiasi na hayachemki kwa sababu tu yamebanwa na shinikizo. Ukifungua, shinikizo linaondoka, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu na kuubinya bila kuhisi ugumu. Pia feni ya umeme katika magari mengi huweza kuwaka hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo chomoa waya hasi wa betri kabla ya kuingiza vidole karibu nayo.

Nikae kidogo kwenye hicho kifuniko, kwa kuwa ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Juu yake pameandikwa namba, kwa mfano 0.9 au 1.1. Hiyo ni shinikizo kwa baa. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100, lakini yakibanwa kwa baa 0.9 huchemka karibu na nyuzi 119. Mchanganyiko wa nusu kulanti (dawa ya maji ya rejeta ya kuzuia kutu na kuchemka) na nusu maji, kwa shinikizo hilo hilo, hufika takriban nyuzi 125. Springi ya kifuniko ikichoka au mpira wake ukipasuka, unapoteza kinga hiyo yote, na gari lisilo na ubovu mwingine wowote litatapika maji. Kifuniko kina vali mbili: kubwa huachia maji kwenda kwenye chupa ya akiba joto linapopanda, na ndogo iliyo katikati huyarudisha injini inapopoa. Ile ndogo ikikwama, utakuta chupa imejaa huku rejeta imepungua, na mpira wa juu umenywea asubuhi. Ukiona hivyo, badilisha kifuniko kwa chenye namba ile ile. Usiweke chenye namba kubwa zaidi ukidhani unaongeza kinga. Shinikizo la ziada litapasua mshono wa rejeta iliyochoka au rejeta ndogo ya hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari.

Sasa turudi kwenye swali letu. Gari linalochemsha likiwa limesimama au linatambaa, kisha linapoa likishika kasi, tatizo lake ni hewa. Barabarani upepo unapita wenyewe kwenye rejeta. Kwenye foleni inategemewa feni. Kama ni feni ya umeme, acha injini ilale, yaani izunguke bila kukanyaga mafuta, mpaka ipate moto. Kwa magari mengi feni inapaswa kuanza kati ya nyuzi 92 na 98. Isipoanza, angalia fyuzi, halafu badilishana rilei yake (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha) na nyingine inayofanana nayo kwenye kisanduku hicho hicho. Ikiwa swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta ina waya mbili, chomoa soketi yake na uziunganishe waya hizo kwa kipande cha waya, swichi ya gari ikiwa imewashwa. Feni ikizunguka, mota ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Lakini kuna magari yenye mpangilio wa kinyume, ambapo kuchomoa tu soketi kunatosha kuiwasha feni, na kuna mengine ambayo kihisi kinapeleka habari kwenye kompyuta na waya zake hazifai kuunganishwa. Soma mchoro wa umeme wa gari lako kwanza.

Feni ikizunguka bado usiridhike. Mota iliyowahi kufunguliwa na kuunganishwa waya kinyume huzunguka kinyume, ikisukuma hewa kupambana na upepo wa barabara. Weka karatasi laini mbele ya rejeta: katika gari la kawaida, ambalo feni imekaa nyuma ya rejeta, karatasi inapaswa kuvutwa na kunata. Angalia pia lile kava la plastiki linaloizunguka feni. Watu hulitoa wanapofanya kazi nyingine na hawalirudishi, na bila hilo feni inazungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuvuta hewa kupitia rejeta nzima.

Kwa feni inayoendeshwa na mkanda kupitia klachi ya mafuta mazito, injini ikiwa baridi na imezimwa, isukume feni kwa mkono. Inapaswa kukupinga. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa, au ukiona alama za mafuta meusi kuzunguka kitovu chake, klachi imekwisha. Mkanda wenyewe ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu: kunepa kwa milimita 10 hadi 13 ni sawa kwa magari mengi yenye mkanda wa umbo la V. Ukikaza kupita hapo unaua beringi ya pampu ya maji.

Gari linalochemsha kwenye kasi au mlimani, lakini likiwa limesimama halina shida, hilo halina kosa la feni. Hapo maji hayazunguki ya kutosha au rejeta haitoi joto. Anza nje. Kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi (rejeta nyingine iliyo mbele yake) hujazana vumbi, wadudu na manyoya, na ukitazama kwa mbele huoni kitu. Legeza bolti za juu, sogeza rejeta kidogo, kisha oshea maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Tumia mpira wa kawaida wa maji. Mashine ya shinikizo kubwa italaza mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, na utakuwa umeiziba wewe mwenyewe.

Kisha angalia ndani. Injini ikiwa na moto wa kawaida na imezimwa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, au tumia kipimajoto cha mwanga. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanakoingilia hadi yanakotokea. Ukikuta eneo lililo baridi ghafla, mirija ya hapo imeziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa matangi, kuzibuliwa na kulehemiwa tena. Ile ya alumini yenye matangi ya plastiki, plastiki ikishageuka kahawia na kuwa na nyufa ndogondogo kama nywele, ibadilishe. Mara nyingi gundi haidumu pale.

Usisahau mpira wa chini. Huo uko upande wa pampu inakovuta. Ukiwa umelainika, ukikanyaga mafuta pampu huunyonya hadi ukajifunga, na ukiachia mafuta hufunguka. Ndiyo maana ukikagua gari limesimama huoni lolote. Mwenzako akanyage hadi mizunguko 3,000 kwa dakika wakati wewe unautazama. Mipira mingine ina springi ndani ya kuzuia hilo. Springi hiyo huoza kwa kutu na kuyeyuka bila mtu kujua. Na kama mipira ni mizima na rejeta imezibuliwa, fungua pampu: mapanga yake ya chuma huliwa na kutu, mengine ya plastiki hupasuka na kuteleza kwenye mhimili. Tundu dogo chini ya pampu likidondosha maji, sili imekwisha. Tundu hilo halizibwi. Ikiwa pampu inaendeshwa na mkanda wa taimingi, badilisha vyote viwili kwa pamoja, kwa kuwa kazi ya kufika hapo ni ile ile.

Linalochemsha dakika chache baada ya kuwashwa, shuku mambo matatu: maji yamepungua, kuna hewa iliyonasa, au thamostati imekwama ikiwa imefungwa. Thamostati ni rahisi kuipima. Itoe, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha moto polepole. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82, na nyuzi zipatazo 13 baadaye iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikichelewa au ikifunguka nusu, haifai tena. Unapoirudisha, springi ielekee upande wa injini, na kipini kidogo cha kupitishia hewa kikae juu kabisa.

Hapa lazima niseme wazi: kuitoa thamostati na kuendesha bila hiyo si matengenezo. Injini itakaa baridi, petroli itachomwa kwa wingi usiohitajika, ile isiyoungua itashuka kwenye oili na kuipunguza uzito, na silinda zitalika. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha kuliko awali.

Kuna gari linalopunguza maji bila tone kuonekana chini. Gusa zulia upande wa abiria: likiwa na unyevu na harufu tamu, rejeta ya hita inavuja. Kama ni kavu, tafuta pampu ya mkono ya kupima shinikizo, pandisha hadi namba ya kifuniko na usubiri dakika 15. Mshale ukishuka na nje hakuna mvujo, toa plagi uone kama mojawapo ni safi kupita wenzake, maana mvuke huisafisha. Dawa ya kupimia gesi, ile ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya kaboni dioksidi kutoka kwenye silinda, itakuthibitishia kuwa gasketi ni mbovu. Povu jeupe chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi. Safari fupi fupi za baridi nazo huleta povu. Gasketi ikithibitika, usibadilishe gasketi tu. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na filagauji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kiwango cha kupinda kinachovumiliwa huwa karibu na milimita 0.05, kitabu cha gari kitakwambia kamili. Bolti hulegezwa kutoka nje kuja katikati, injini ikiwa baridi kabisa, na hukazwa kutoka katikati kwenda nje kwa hatua.

Mwisho ni maji yenyewe. Chumvi za maji ya bomba huganda kwenye kuta za injini na kuzuia joto lisitoke, na maji bila kulanti hula chuma. Tumia maji yaliyotoneshwa. Kulanti ya aina ya zamani yenye silikati hudumu miaka 2, ya asidi za kikaboni hufika 5, na kuzichanganya kunaweza kuleta uji mzito ndani ya rejeta. Usitegemee rangi, soma maandishi. Kuna kipimo kizuri cha nyumbani: injini ikiwa baridi, weka ncha hasi ya mita ya volti kwenye hasi ya betri, na ncha chanya ndani ya kulanti bila kugusa chuma. Ikizidi volti 0.3, kinga ya kutu imekwisha. Ikipanda ghafla unapowasha taa au feni, kifaa hicho kina waya mbovu wa ardhi na umeme unapita kwenye maji.

Unapomwaga kulanti, ikinge yote kwenye beseni na uifunike: ni tamu na ni sumu, watoto na wanyama huvutiwa nayo. Kufungua rejeta pekee hutoa takriban nusu. Nyingine imo ndani ya bloku na hita. Kwa hiyo ukishasuuza kwa maji yaliyotoneshwa mpaka yakatoka safi, maji hayo yamebaki ndani. Kama mfumo wote unabeba lita 6, mimina kwanza lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha jazia maji. Wengi humimina mchanganyiko uliokwisha kuchanganywa na kuishia na robo tu ya kulanti.

Inua pua ya gari, fungua hita mpaka mwisho, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, na uache injini ilale kifuniko kikiwa wazi hadi mpira wa chini upate moto na mapovu yaishe. Hita ikitoa hewa baridi wakati injini ina moto, bado kuna hewa ndani. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko ujazie kilichopungua, na uzikaze tena klipu za mipira mipya, kwa kuwa mpira ukishapata moto mara ya kwanza hulegea.