Muda wa Skrini na Moyo wa Binti Anayekua

ZUHURA: Karibu, msikilizaji. Leo tunazungumzia moyo wa binti anayekua na saa anazokaa mbele ya simu au televisheni. Kaka Idrisa, wazazi wengi wakisikia maradhi ya moyo humfikiria mzee. Kwa nini tumtaje msichana wa miaka 12?

IDRISA: Kwa sababu maradhi hayo hujijenga miaka mingi kabla ya dalili kuonekana, dada. Huko Bristol, Uingereza, watafiti wamewafuatilia watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi utu uzima. Uchambuzi wa 766 kati yao, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba walipokuwa na miaka 11 walikaa bila kujongea takriban saa 6 kwa siku, na walipofika miaka 24 zikawa karibu saa 9. Kadiri mtu alivyokaa zaidi, ndivyo misuli ya upande wa kushoto wa moyo wake ilivyoongezeka uzito, jambo linaloweza kuashiria hatari ya maradhi ya moyo baadaye, hata baada ya shinikizo la damu na unene kuzingatiwa.

ZUHURA: Tuwe waangalifu hapo, kwani vifaa walivyovaa vilipima kukaa, si kutazama skrini, na uhusiano wa aina hiyo peke yake hauthibitishi chanzo.

IDRISA: Ni kweli kabisa. Hata hivyo, yanayotokea mwilini yanaeleweka: misuli ya miguu ikikaa bure kwa saa nyingi huchukua sukari kidogo kutoka kwenye damu, insulini, yaani homoni inayodhibiti sukari hiyo, hulazimika kuongezeka, na mafuta katika damu hupanda. Usiku nao usisahauliwe, maana kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, nayo simu iliyo chini ya mto humpunguzia.

ZUHURA: Mimi linaloniuma ni kwamba mzigo huu hauwaangukii watoto wote sawasawa. Takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146, zilizochambuliwa na Shirika la Afya Duniani, zilionyesha kuwa takriban asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia mazoezi ya dakika 60 kwa siku, ilhali kwa wavulana ilikuwa asilimia 78. Binti aliyekuwa akicheza rede na kuruka kamba mtaani, akishavunja ungo huambiwa kwamba sasa ni mkubwa na haifai aonekane akikimbia, na uwanja wa jioni hubaki kuwa wa kaka zake. Shuleni hukosa taulo za kike, au vazi la michezo linalomsitiri. Kisha tunamlaumu kwa kushinda na simu! Naona hiyo ni dhuluma.

IDRISA: Wapo pia mabinti wanaoteka maji na kulima tangu alfajiri, hao hawahitaji kuambiwa wajongee. Tunasema hasa na familia za mjini, ambako simu imechukua nafasi ya mchezo.

ZUHURA: Basi mzazi aanzie wapi?

IDRISA: Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 haukuweka ukomo wa saa za skrini kwa umri huu, bali unahimiza muda huo upunguzwe. Simu zote za nyumbani, pamoja na ya baba, zichajiwe sebuleni usiku. Na mzazi akienda shuleni kuulizia matokeo ya mtihani, amuulize mwalimu pia kama wasichana wana timu ya netboli, wanacheza siku gani, na wana chumba cha kubadilishia nguo.