Maumivu Yanayohama: Jiwe la Figo Linaposhuka

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo tuzungumzie maumivu ambayo huku kwetu hupewa majina mengine. Mwanaume akikatwa na kinena anaambiwa ni ngiri, mwanamke anaambiwa ni chango. Mizizi inachemshwa, siku zinakwenda, kumbe ni jiwe linashuka kutoka kwenye figo.

Mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu una urefu wa sentimeta 25 hadi 30, lakini uwazi wake ni milimita 3 au 4 tu. Jiwe likikwama humo, mkojo unarudi nyuma, figo inajaa, mrija unajikaza. Ndiyo maana maumivu huja kwa mawimbi: yanapanda, yanalegea, yanarudi. Mtazameni mgonjwa mwenyewe. Mwenye kidole tumbo kilichopasuka hulala kimya, hataki hata kitanda kiguswe. Mwenye jiwe hatulii: anazunguka chumba, anapiga magoti, anajilaza sakafuni, anainuka tena, jasho linamtiririka, anatapika.

Na maumivu huhama na jiwe. Huanzia ubavuni kwa nyuma, chini ya mbavu, yakashuka hadi kinenani, na kwa wanaume hadi kwenye korodani. Jiwe likikaribia kibofu, unabanwa na mkojo kila mara, ukienda yanatoka matone yanayochoma. Damu pia huonekana. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa na pwani hapo hufikiria kichocho, na wana sababu, maana nacho hutoa damu. Ndiyo maana tunapima.

Ukali wa maumivu hauonyeshi ukubwa wa jiwe. Lililo chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, kwa siku au wiki kadhaa. Lakini maumivu kukoma si ushahidi kwamba limetoka.

Sasa hili nawaomba mlishike. Ikija homa na kutetemeka, usimeze dawa ya malaria ukalala. Mkojo uliozibwa ukiingia vijidudu unaweza kuua haraka. Nenda hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo kwa mjamzito, mwenye figo moja, au mkojo ukikatika kabisa.

Aliyeruhusiwa kusubiri nyumbani akojoe kupitia chujio la chai ambalo halitarudi jikoni. Jiwe likinaswa, hata liwe kama punje ya mchanga, lifungeni mtuletee. Maabara ikijua limeundwa na nini, tutajua la kukushauri juu ya chakula chako.