Aliyefunga Ni Wewe: Mhadhara wa Goma Kuhusu Kufuli za Kiendeshi cha Diski

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana wanivumilie, ule mfano wa depo, ghala la Birere, unarudi. Uko ndani ya depo, umejifungia, unahesabu magunia. Simu inalia, ni patroni: "Acha yote, niletee gunia moja kutoka depo, sasa hivi!" Amri ya patroni haingoji. Unaacha kuhesabu, unasimama mlangoni kumsubiri aliyefunga aje afungue. Aliyefunga ni nani? Mnacheka, lakini prosesa, ubongo wa kompyuta, haijui kupapasa mfuko wake.

Hivyo ndivyo kiendeshi, programu ya kuiongoza diski, nilichokiandika mimi kilivyogandisha seva ya watu hapa mjini. Kodi, yaani maagizo ya programu, inayopanga foleni ya maombi ya diski ilishika kufuli la foleni hiyo, alama ya kuzuia wengine wasiiguse, lile la kuzunguka: anayelingoja hasinzii, anatikisa kitasa tu. Diski ikamaliza kusoma, ikapiga katizo, ile simu ya "acha yote", kwenye prosesa ileile. Kodi ya katizo nayo ikataka kufuli lilelile. Kwisha: katizo linangoja kufuli, na aliyelishika hawezi kuendelea hadi katizo liishe. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha diski, tukalaumu kurani, yaani umeme. Kurani ya hapa ina dhambi nyingi, ila hii si yake. Kijana mmoja akaingiza ucheleweshaji kidogo; kuganda kwa kila wiki kukawa kwa kila mwezi, wakampigia makofi! Mimi ningemnyang'anya kibodi. Dawa ilikuwa kuzima makatizo kwenye prosesa hiyo wakati wa kushika kufuli, na wakati wa kuliachia kurudisha hali uliyoikuta.

"Lakini kwangu majaribio yalipita." Hata kwangu. Kerneli yangu, kiini cha mfumo wa Linux, ilijengwa kwa prosesa moja, na huko kufuli la kuzunguka huyeyuka wakati kodi inapogeuzwa kuwa programu ya mashine. Nilikuwa napima mlango usiokuwepo.

"Basi nizime makatizo popote?" Weee! Kwanza niambie kufuli lako linalinda data gani, na nani wanaigusa. Ukishindwa, usiguse kodi. Na ukilishika usilale, yaani usiite kazi inayosimama kusubiri.

Lockdep, mkaguzi wa kufuli, imo ndani ya Linux tangu 2006. Inajifunza mpangilio wa kufuli zako na kukuonya hata kabla hujakwama. Mnaizima eti inapunguza kasi. Kwenye mashine ya majaribio mnakimbilia wapi?

Sasa kumbukumbu ya mashine (RAM), haraka, dakika zangu zinaisha. Ukiiomba katikati ya njia ya kuandika diskini, iombe kwa namna inayokataza kerneli kuandika diskini ili kupata nafasi. La sivyo kerneli inakungoja wewe, nawe unaingoja yenyewe. Ndiyo, depo tena. Papa pale nyuma, nimeuona mkono.