Mwewe Aliyefichwa Mgongoni

ZUHURA: Kaka Baraka, leo naona umekuja na kifurushi.

BARAKA: Ni haori, dada, koti la Kijapani la kuvaa juu ya kimono. Binamu yangu alilinunua Osaka, duka la nguo kuukuu. Litazame kwa nje kwanza.

ZUHURA: Hariri nyeusi tupu. Kuna vialama vyeupe... mgongoni, kifuani viwili, nyuma ya mikono viwili.

BARAKA: Nembo ya ukoo. Zikifika tano, hilo ni koti la shughuli nzito. Haya, lipindue.

ZUHURA: Subhanallah!

BARAKA: Waelezee wanaotusikiliza.

ZUHURA: Bitana yake ina mwewe kwenye tawi la msonobari, kajaa mgongo mzima. Jicho lina rangi ya dhahabu, na manyoya yamechorwa moja moja. Chini hapa kitambaa cha nje kimekunjwa kuingia ndani, kwa hiyo picha imekaa juu tu. Na mtu akilivaa?

BARAKA: Huoni kitu. Enzi ya Edo, 1603 hadi 1868, watawala walikuwa wanatoa amri baada ya amri kuwazuia wafanyabiashara wasivae nguo za fahari. Pesa wanazo, cheo hawana. Nje wakabakiwa na kahawia, kijivu na nili. Wajapani wana msemo wa kahawia 48 na kijivu 100, kwa jinsi walivyozichambua rangi hizo. Fahari yenyewe wakaihamishia ndani.

ZUHURA: Sasa anaiona nani?

BARAKA: Yeye mwenyewe, anayemkunjia nguo, na wenzake akilivua karamuni. Mimi hapo ndipo ninapoipenda. Mchoraji kahangaika na kila unyoya, akijua picha itakaa gizani siku nzima.

ZUHURA: Sisi kanga inasema mgongoni, mtaa mzima usome. Huyu kajifungia neno lake kifuani.

BARAKA: Na amri zilipokwisha, mazoea yakabaki. Miaka ya 1930 utakuta bitana zenye ndege za kivita na manowari.

ZUHURA: Hizo nisingezivaa. Ila nataka zitunzwe, maana zinaonyesha vita vilivyoingia hadi kwenye nguo ya mtu, karibu na ngozi.

BARAKA: Kweli kabisa.

ZUHURA: Umenipa wazo. Nina koti la suti la marehemu babu, bitana imechanika kwapani. Nimpelekee fundi na kanga ya bibi?

BARAKA: Mpelekee! Lakini kanga iwe ya mgongoni tu. Ni pamba, mikononi itang'ang'ania shati, kila ukivaa unavutana nayo. Mikono mwambie atie satini, iteleze.

ZUHURA: Na maandishi ya kanga?

BARAKA: Mwambie ayaweke katikati ya mabega, asiyakate.

ZUHURA: Jumamosi naenda.