Chaneli ndogo ya video na gemu inayotafuta wachezaji

MTANGAZAJI WA KWANZA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia jambo linalowagusa watengenezaji wa gemu wanaofanya kazi peke yao, nalo ni namna ya kukuza chaneli ya video wakati gemu yenyewe bado inajengwa. Kaka, umekuwa ukionyesha gemu yako ya bao kwenye YouTube tangu ilipokuwa ubao mtupu. Mtu aanzie wapi?

MTANGAZAJI WA PILI: Ahsante, dada. Aanze kwa kuamua anazungumza na nani, kwa sababu uamuzi huo ndio unaobeba mengine yote. Wengi wetu tukifungua chaneli huanza kufundisha kuandika programu, na watazamaji wanaopatikana kwa njia hiyo ni watengenezaji wenzetu, ambao huchukua ujuzi na kurudi kwenye miradi yao. Kufundisha ni kazi njema. Brackeys wa Denmark alianza mwaka 2012, akasimama mwaka 2020, kisha akarejea mwaka 2024 akifundisha Godot, programu ya kutengenezea gemu, na waliounda gemu yao ya kwanza kwa msaada wake hawahesabiki. Lakini chaneli ile ilijengwa kwa ajili ya somo. Mwenye gemu moja mkononi anahitaji wachezaji.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Hata hivyo, wapo walioanza kwa uchambuzi, wakahamia kwenye utengenezaji, na watazamaji wao wakafuatana nao.

MTANGAZAJI WA PILI: Wapo, na ninayemheshimu zaidi ni Mark Brown wa Uingereza. Chaneli yake, Game Maker's Toolkit, ilianza mwaka 2014 kwa kuchambua usanifu wa gemu za wengine. Mwaka 2021 akaanza mfululizo wa video zinazomwonyesha akitengeneza ya kwake, na Mind Over Magnet ikatoka Novemba 2024. Ni safari ya miaka mitatu, na naamini kilichowashika watu ni kwamba tatizo alilokuwa akipambana nalo lilionekana kwenye skrini, likiwa na roboti, sumaku na fumbo linalogoma, kiasi kwamba hata asiyejua programu aliweza kulifuata.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Wewe uliionaje tofauti hiyo katika video zako?

MTANGAZAJI WA PILI: Niliiona kwenye ile grafu ya YouTube inayoonyesha watu wanaendelea kutazama hadi wapi na wanaondokea wapi. Kila dirisha la msimbo, yaani maandishi ya programu, lilipofunguka, mstari uliporomoka. Ulipofika mahali ambapo kete zinasambazwa shimo baada ya shimo, kwa ule mlio wa mbegu kugonga mti, mpaka zinaifikia nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, mstari ulipanda, maana yake watu walirudisha nyuma na kutazama tena. Tangu hapo video zangu zinaanzia ubaoni, na msimbo unatajwa pale tu unapoeleza kitu ambacho mtazamaji amekwisha kukiona.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Na picha ya jalada pamoja na kichwa?

MTANGAZAJI WA PILI: Hivyo viandaliwe kabla ya kurekodi. YouTube yenyewe inaeleza kwamba nusu ya chaneli na video zake hubofywa kati ya mara 2 na 10 katika kila mara 100 zinapoonyeshwa, kwa hiyo mwenye chaneli ndogo asivunjike moyo akiona asilimia 4.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Wasikilizaji wetu wangependa kujua kuhusu lugha. Kiingereza kina watazamaji wengi zaidi.

MTANGAZAJI WA PILI: Ni kweli, dada, lakini swali la lugha haliachani na swali la mahali gemu itakapochezwa. Anayenitazama kwa Kiswahili ananitazama kwenye simu, kwa bando analolihesabu, na gemu ataitafuta kwenye simu hiyohiyo. Steam, inayotoza dola 100 kwa kila gemu, ni duka la wenye kompyuta. Akaunti ya Google Play inalipiwa dola 25 mara moja tu. Tena, kwa mtu binafsi mwenye akaunti mpya, Google inataka kwanza watu wasiopungua 12 wa kuijaribu gemu, waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Wangu niliwapata kwenye chaneli. Mmoja wao, akiwa Mwanza, alinirekodia skrini ya simu yake ya bei nafuu, na nikaona kitufe cha kumaliza zamu kimefunikwa na vitufe vya simu vilivyo chini. Kwenye simu yangu nisingeliona kamwe.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Je, fedha za matangazo?

MTANGAZAJI WA PILI: Ili upate mgawo wa matangazo kwa video ndefu, unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ni malengo halali, lakini anayeyakimbilia atajikuta anatengeneza video za mambo mengine, na gemu itabaki palepale. Mimi ninathamini zaidi mtazamaji anayebishana nami kuhusu kanuni za bao.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Wanabishana?

MTANGAZAJI WA PILI: Sana, hasa kuhusu ni lini nyumba iruhusiwe kusafiri, yaani kete zake kutolewa na kusambazwa, kwa kuwa kila baraza lina msimamo wake. Video ijayo itaonyesha zamu ileile ikichezwa kwa kanuni mbili tofauti, na watakaoijaribu watachagua ipi iwe ya kawaida katika toleo la kwanza.